Nilimwita mshenga kwa sababu nyumbani kwangu walikuwa wananong'ona

Wakuu, salama humu ndani?

Muda mrefu nimekuwa msomaji wa kimya, leo nimeamua kufungua uzi wangu. Ninachoandika kimenitokea mwenyewe, na asiyeamini aje Mafinga aulize. Ila asiwaulize majirani zangu wa upande wa juu. Wale bado nawatilia shaka kidogo.

Mimi ni fundi wa kupasua mbao. Nina mashine yangu, ile ndogo ya kuhamishika tunayoiita ding dong. Tunaingia nayo kwenye mashamba ya misonobari ya watu, tunapasua palepale, mbao zinatoka na lori. Kazi hii nimeianza sina hata ndevu. Sasa nina mvi.

Mke wangu ni Mnyakyusa wa Tukuyu, mimi Mhehe. Tumwite mama Neema. Kaka yake ana duka la mbao Mbalizi, na mzigo wangu mwingi anauza yeye.

Pia tuna shamba letu la miti. Miche tuliipanda mimi na mama Neema kwa mikono yetu, kabla hata hatujapata mtoto, na sasa imekomaa. Hilo shamba msilisahau.

Shida ilianzia nyumbani, siyo kazini. Na hilo pia msilisahau.

Niliona mama Neema amebadilika sauti. Zamani mwanamke huyu akiongea jikoni, wewe uko barabarani unajua leo mnakula nini. Wanyakyusa mniwie radhi, lakini mnajijua. Mara akaanza kuongea chinichini. Nikiingia ndani namkuta kama anamalizia sentensi. Nikiuliza "umesemaje?" anajibu "basi, acha."

Sasa mtu asiye na siri anasemaje "basi, acha"?

Ikaja simu. Akiongea na kaka yake walikuwa wanatwanga Kinyakyusa, na mimi sikujali, maana kwa miaka yote hii nimekiokota kidogo. Halafu nikaona siokoti tena kitu. Mdomo unacheza, sauti hakuna. Nikasema ahaa, wameshagundua kuwa naelewa, wamepunguza sauti.

Hebu jiwekeni kwenye nafasi yangu. Miti imekomaa. Shemeji ndiye mfanyabiashara wa mbao. Mke ananong'ona na huyo huyo shemeji. Mngefikiria nini, wakuu? Kwamba wanapanga birthday yangu?

Nikaanza kulizungukia shamba kila nikipata nafasi, nione kama kuna mti umewekwa alama ya rangi kwamba umeshauzwa. Sikuona alama. Nikajua ni wajanja.

Mtaani nako kukaharibika. Huku kwetu salamu siyo kitu cha mchezo. Mtu akikupita bila kukuambia "kamwene", wewe na yeye mna kesi. Mimi nikaanza kupitwa. Wazee ninaosali nao, mama anayeniuzia nyanya, wote. Wananitazama usoni vizuri kabisa, halafu wanageuza shingo. Nikaona kumbe maneno yameshasambazwa, mtaa mzima unajua mpango isipokuwa mwenye shamba.

Kazini sasa, amani tupu.

Kwa wasiojua, kwenye mashine hatuongei. Hata upige kelele mpaka mishipa ikutoke, hakuna atakayekusikia. Tunaongea kwa mikono. Vidole viwili halafu vinne, maana yake toa mbao ya mbili kwa nne. Ukigusa kofia umeelewa. Kiganja kikipita shingoni, zima mashine. Hiyo ya shingoni haina mjadala, ukiiona unazima kwanza, maswali baadaye. Hata mama Neema anaijua, maana zamani alikuwa anatuletea chakula huko porini.

Kwa hiyo kazini namwelewa kila mtu na kila mtu ananielewa. Nyumbani siambulii kitu. Mwenye akili timamu anapata jibu gani? Kwamba wenye tatizo ni wa nyumbani. Hesabu yangu ilikuwa imekaa sawa, na mpaka leo nabisha.

Kuna kitu kimoja tu cha kazini kilinisumbua. Fundi wa ding dong anaijua blade kwa sikio. Ikianza kufa, mlio unabadilika, unasimamisha, unanoa. Ndiyo maana wengi wetu hatuvai vile vikinga masikio, tunasema vinatuzuia kuisikia mashine. Vyangu vilikuwa vinaning'inia kwenye msumari, tunawavalisha wageni wakija kupiga picha. Na mimi ndiye niliyekuwa nasifiwa kwa sikio kuliko mafundi wote ninaofahamiana nao.

Basi vijana wangu wakaanza kunionyesha ishara ya shingo wakati mimi sijasikia tofauti yoyote. Nikizima na kuangalia, kweli blade imekufa. Nikasema hizi blade za Iringa mjini ni feki, zinakufa kimyakimya. Nikafunga safari kwenda kugombana na muuzaji. Kaka, kama uko humu, nitapita dukani tuyamalize.

Ila kilichoniuma kuliko shamba ni Neema. Huyu binti yangu wa shule ya msingi alikuwa akitoka shule lazima anipe stori zote, nani kachapwa, nani kaanguka matopeni. Akaacha. Akifika ananipita anaenda kwa mama yake. Nikajua na mtoto ameshalishwa maneno. Siku hiyo nilikaa nje peke yangu na uchungu ambao siwezi kuuelezea.

Halafu siku moja natoka porini nakuta viatu vya shemeji mlangoni. Kaja kutoka Mbalizi bila taarifa. Naingia, mama Neema anafuta machozi, shemeji anaangalia chini.

Niligeuza, nikaenda kwa mshenga.

Mshenga wetu ni mzee Lameki, ndiye aliyekwenda Tukuyu kuniposea. Kwa desturi kazi ya mshenga haiishi siku ya harusi. Nyumba ikitikisika anaitwa yeye aliyeijenga. Tukapanga kikao Jumapili baada ya ibada, sebuleni kwangu. Mimi, mama Neema, shemeji na mzee. Neema tukampeleka kwa jirani.

Nilipopewa nafasi sikubakiza kitu. Minong'ono, simu, salamu, machozi, mtoto kulishwa maneno. Mwisho nikatamka lile nililokuwa nimelipanga moyoni, kwamba shamba lipimwe tugawane, na mama Neema arudi kwao Tukuyu.

Nikiwa katikati ya maneno, naona watu wananiacha. Mzee Lameki kakunja mikono, anatazama dari. Shemeji kajiegemeza kwenye kochi kama mtu anayesubiri basi. Hakuna anayenijibu.

Hasira zikanipanda. "Mbona mnaninyamazia? Na hili mmelipanga?"

Kimya. Ndiyo kwanza mzee ananionyesha kiganja, kama ananiambia subiri. Nisubiri nini, shamba langu linaondoka? Nikapandisha sauti, nikaanza kutaja mpaka mambo ya mahari.

Mama Neema akasimama. Akanitazama machoni, akapitisha kiganja shingoni.

Wakuu, mwili ulitii kabla ya kichwa. Nilifunga mdomo neno likiwa nusu.

Akanyoosha kidole juu, kwenye bati. Nikatazama, sikuona kitu. Akaenda akafungua mlango.

Mvua. Na siyo manyunyu. Maji yanaporomoka kutoka kwenye bati, uwanja wote umeshajaa, kuku wamejibana ukutani.

Wote mnajua mvua ikipiga bati kikao kinasimama. Hata mchungaji anaacha mahubiri, mnakaa mnatazamana mpaka ipungue. Ndicho walichokuwa wanafanya wale watu. Aliyekuwa anaendelea kupayuka ni mimi peke yangu.

Niseme kitu ambacho nilikuwa sijawahi kumwambia mtu. Masikioni mwangu kuna mlio, shiii, kama mashine inayozimika mbali. Unakuwepo asubuhi, unakuwepo mchana. Nilidhani binadamu wote wanao. Mvua ya siku hiyo ilijificha humo ndani ya huo mlio na mimi sikuitambua.

Nilitoka nikasimama uwanjani. Nayahisi maji yanavyonipiga kichwani, sauti yake siipati. Niliogopa. Nimewahi kuponea chupuchupu kupondwa na gogo, na siku hiyo sikuogopa hivi.

Mvua ilipokatika mzee Lameki akasogeza kiti mpaka magoti yetu yakagusana, akawa anaongea polepole.

"Mwanangu, mimi nimekusalimia pale sokoni, siyo mara moja. Huitikii. Tukasema huyu mashine imempa kiburi. Tukaacha."

Kumbe na wao walikuwa na kesi na mimi!

Shemeji naye akafunguka. Dada yake alikuwa anampigia akilia, kwamba mume haitikii akisemeshwa, na akienda Mbalizi kupeleka mbao simu inaita tu, haipokelewi. Jibu likawa moja, nina mwanamke Mbalizi. Na shemeji, mtu mzima mwenye duka lake, alikuwa amezunguka Mbalizi yote kuulizia mchepuko wangu. Hakuupata, akaja kusema haupo. Mama Neema alinipigia kunijulisha kuwa kaka yake anakuja. Simu iliita mfukoni mwangu, na mimi nilikuwa nikikuta missed call nalaumu mtandao.

Nikamgeukia mama Neema, nikamuuliza kuhusu ile "basi, acha".

"Baba Neema, nikirudia unasema nakupigia kelele. Nikishusha unasema nanong'ona. Nifanyeje sasa? Nikajua umenichoka."

Shamba hakuna aliyekuwa amelitaja. Hakuna hata mmoja, wakuu.

Mama Neema ndiye aliyenipeleka Mbeya kwa daktari wa masikio. Wanakuingiza kwenye kijichumba, wanakuvalisha vitu masikioni, wanakuambia ukisikia mlio bonyeza. Nikakaa. Sisikii. Nikaendelea kukaa. Nikaanza kumtazama yule nesi kupitia kioo, nikijiambia huyu dada hajawasha mashine, anataka kunitolea majibu ya uongo. Nikatoka kumuuliza kama amewasha. Alikuwa amewasha.

Daktari alinieleza kwamba kelele za miaka yote zimeua kitu ndani ya sikio, na kilichokufa hakirudi. Zinazotangulia kuondoka ni sauti nyembamba. Mlio wa simu, ndege, sauti za wanawake, sauti za watoto.

Hapo kwenye watoto nilimwomba arudie.

Neema hakuwahi kuacha kunipa stori. Alikuwa ananipa, mimi simjibu, mtoto akakata tamaa akahamia kwa mama yake. Zile stori zake zote sijui zilikuwa zinasema nini, na hakuna pa kwenda kuzidai.

Sasa hivi navaa kifaa. Sikipendi. Kinapiga mluzi, betri zinaisha haraka, na yule aliyeniuzia bado sijamwamini sana. Lakini mama Neema yupo, hajaenda Tukuyu. Nikianza kulalamika mezani ananipitishia kiganja shingoni, na mimi nazima.

Ugonjwa wa kushuku haujaisha wote, nisiwadanganye. Nikiona watu wawili wanacheka pembeni, bado nahisi wananicheka mimi. Tofauti ni kwamba sasa nasogea, nawaambia waseme nikiwaona midomo.

Ushauri wangu sasa. Vijana wa mashine za kupasulia na za kusaga, ndugu zangu wa makarasha ya kusaga mawe ya dhahabu kule Makongolosi, na nyie mnaolala na earphone masikioni, vaeni vikinga, punguzeni sauti. Sikio halitoi damu likiondoka, wala haliumi. Linakuacha taratibu, halafu linakuambia tatizo ni mke wako. Ukiona dunia nzima imekosa adabu kwa pamoja, haikusalimii, inanong'ona, kapime kwanza. Mshenga aje baadaye.

Neema siku hizi amerudi na stori zake. Ila kabla hajaanza ananishika kidevu, ananigeuza nimtazame usoni, anasubiri niguse kofia. Nikiwa sina kofia nagusa kichwa. Ndipo anaanza.

Haya, uwanja ni wenu. Mwenye uzoefu na vifaa hivi atiririke, na aliyegundua kwa njia nyingine atusimulie. Wauza dawa za mizizi PM zangu zimefungwa, nawajua. Wengine karibuni mniseme mnavyotaka, maana humu kila mtu anaandika na mimi simkosi hata mmoja.