Mafuta Mazito Siku ya Mtihani wa Gari

Hata leo nikipita karibu na uwanja ule wa Thika nashusha kofia usoni kwa aibu, ingawa aliyestahili kuficha uso si mimi peke yangu.

Nilikuwa nimeahidiwa kazi ya kuendesha lori katika shamba la mkonge, mradi nipeleke leseni Jumamosi, na mtihani ulikuwa Ijumaa. Gari la mtihani lilikuwa pikapu kuukuu ya mjomba wangu Zakaria wa Ruiru, iliyotoa moshi kama jiko la kuni mbichi. "Mpwa wangu," akaniambia Alhamisi, "gari likizeeka linataka kitu kizito. Kanunue mafuta mazito ya injini, moshi utakwisha." Nikaenda dukani, nikaomba "mafuta mazito" tu, mwenye duka akaweka makopo mawili mbele yangu, akauliza, "Arobaini ama mia na arobaini?" Mjomba hakunitajia nambari yoyote! Nyuma yangu watu walikuwa wamejaa, nami (mnanijua, mbele ya watu ulimi wangu huwa jiwe) nikaona haya kuuliza, nikafikiri mia na arobaini ni kubwa kuliko arobaini, basi ndiyo mazito, nikanyoosha kidole. Jioni mjomba aliyamimina kwa mikono yake mwenyewe, akayasifu, "Haya ndiyo mafuta!" tukaiacha pikapu ilale pale kwenye uwanja wa mtihani.

Asubuhi baridi ya Julai ilikuwa inauma. Mkaguzi, Mzungu wa kaptula, akasema, "Washa." Nikatia hendeli mbele ya injini nizungushe, ikakataa, nikailalia kwa uzito wangu wote mpaka miguu ikaachana na ardhi, nikabaki nimening'inia kama shati lililoanikwa, na vijana wote waliongoja mtihani wakaangua kicheko.

"Shuka bwana, huo si mti wa mapera!" mmoja akapiga kelele.

Mzungu akachomoa kijiti cha kupimia mafuta, yakavutika kama asali. "Hii mafuta ya giaboksi! Nani natia ndani ya injini?"

Kumbe ile mia na arobaini ni ya gia, si ya injini! Nikamtazama mjomba, aliyesimama kando. Mjomba akatazama viatu vyake, akatikisa kichwa. "Vijana wa siku hizi, bwana mkubwa. Hawaulizi."

Hawaulizi! Na kucha zake zilikuwa bado nyeusi kwa mafuta yale yale! Nilitaka kusema, nikaishia kuchomoa hendeli tu, na Mzungu akaandika kwamba nimeshindwa, nirudi mwezi ujao. Jumamosi lori akapewa mtu mwingine.

Kosa langu nalikubali, ningeuliza neno moja tu dukani, na siku hizi nauliza mpaka mwenye duka anachoka. Lakini kila mgeni akifika kwa mjomba husimuliwa jinsi mpwa alivyoharibu injini, nami nimekaa papo hapo na kikombe changu cha chai. Nimeapa kwamba mgeni atakayefuata nitamwambia waziwazi ni nani aliyemimina. Tangu niape wamekuja wageni wanne.