Uthibitisho Nilioutoa Nyuma ya Pazia

Watu wakiniuliza kwa nini jina langu halimo kwenye kazi yangu mwenyewe, huwajibu kwamba nilikuwa eda. Wengi hucheka wakidhani nafanya mzaha. Sifanyi mzaha.

Mwanzoni mwa miaka ya themanini nilikuwa ng'ambo nikisomea uzamivu wa sayansi ya kompyuta, upande ule wa mantiki ambao hata wenzangu waliukwepa. Nilishughulika na aina. Kila kitu ndani ya programu kina aina yake: hii ni nambari, hili ni neno, ile ni orodha. Mashine ikikagua aina kabla kazi haijaanza, hukuzuia kujumlisha nambari na neno, vile mtu mwenye akili zake anavyokuzuia kutia chumvi kwenye chai. Lakini aina tulizozitaka sisi zilikuwa nzito zaidi. Kila moja ilibeba dai zima la mantiki, na programu yenyewe ndiyo iliyokuwa uthibitisho wa dai hilo. Hofu ya wote ilikuwa kwamba mkaguzi, ile sehemu ya mashine inayopima aina, angezunguka humo milele asitoe jibu. Mimi nilithibitisha kwamba lazima afike mwisho.

Nilikuwa Malindi likizoni, nikimalizia kurasa za mwisho, mume wangu alipofariki. Alikuwa mwalimu, na nyumbani kote ni yeye peke yake aliyeweza kunisikiliza bila kupiga miayo. Nikakaa eda kwa mavyaa, mama yake, miezi minne na ushei, bila manukato, bila hina, bila kutoka ila kwa dharura. Hakuna aliyenilazimisha. Nilitaka kumkalia mume wangu eda kama wanawake wote wa kwetu. Mkutano ambako ningesoma uthibitisho wangu uliangukia katikati ya eda, na nilipomwandikia profesa wangu alinijibu kwamba siku chache za safari hazingemdhuru marehemu. Mpaka leo nikiyakumbuka maneno hayo damu hunichemka.

Wakati huo mwenzangu wa chuo kule ng'ambo alikuwa amekuja kupumzika katika hoteli moja ya ufukweni kule Kikambala. Alipanda hadi Malindi kunipa pole, na sitamnyima haki yake: alikuja kwa adabu, akavua viatu mlangoni. Mavyaa akamkaribisha ukumbini. Mimi nilikaa chumbani nyuma ya pazia, na kutoka huko nikamweleza uthibitisho wote, hatua kwa hatua, nikimpokeza mavyaa karatasi naye akimpa mgeni. Nilikuwa nimeziandika kwa mkono, na nakala nyingine sikuwa nayo. Alipokwama aliuliza, nikamfafanulia. Ilipoadhiniwa alasiri alikuwa ameshaelewa.

"Nisomee mkutanoni," nikamwambia. "Utakuwa mshenga wangu."

"Mshenga ndiye nani?"

Nikamweleza kwamba ni mtu anayetumwa kupeleka posa, akaseme mbele ya wazazi wa msichana kwa niaba ya mwenye kutaka kuoa. Alicheka, akasema amekubali. Sikuongeza neno. Kwetu nani angehitaji kuelezwa zaidi? Mshenga huvaa kanzu yake nzuri, husifiwa kwa ulimi wake, kisha hurudi nyumbani kwa mkewe. Sijapata kusikia mshenga aliyeoa yeye.

Huyu alioa. Alisoma mkutanoni, akapigiwa makofi, akaulizwa maswali na kuyajibu kwa majibu yangu, kisha makala yakatoka kwa jina lake peke yake. Nilipolalamika, alijibu kwamba yeye ndiye aliyesimama akaitetea hoja mbele ya watu. Profesa naye akaona msiba umenivuruga akili. Nikaacha masomo, nikarudi pwani kusomesha hesabu Kilifi, na mkaguzi wangu akaenda ulimwenguni bila mimi. Wenzangu wa zamani waliniandikia kwamba vyuo vikubwa vilikuwa vikimjenga ndani ya mashine zao, vijana wakipata shahada kwa kumchambua, na kwamba kanuni yenyewe sasa inaitwa kwa jina la mshenga. Walidhani nitafurahi kuona kazi imefaa watu. Sikufurahi hata kidogo. Niliomba siku moja mashine zao zote zikwame.

Makala yenyewe yalinifikia mwishoni mwa muongo ule. Niliyasomea kwa mavyaa, yeye akichagua mchele kwenye uteo kando yangu. Ukurasa wa mwisho, kwa herufi ndogo, mwandishi aliishukuru familia moja ya Malindi kwa ukarimu wake.

"Wasemaje, mwanangu?" mavyaa akauliza.

"Wanakushukuru, mama. Wanasema ulimkirimu sana mgeni."

Aliacha mchele, akanitazama.

"Mimi n'lopokeza karatasi tu? Na wewe uloyasema yote yale?"

Nikaenda jikoni nikalia kwa sauti, vile ambavyo hata mume wangu sikumlilia.