Unga wa Karafuu Haukutosha

Wenzangu mnaouza vyakula, mimi ni Mama Neema wa hapa Sumbawanga. Mnaniona nimesimama mzima, lakini nimebaki mjane, na sababu yake nitawaambia bila kuficha.

Biashara zilipofunguliwa na kila mtu akaruhusiwa kujitafutia, mimi na mume wangu tulinunua mashine ya kusaga nyama. Tukawa tunatengeneza soseji kwa nyama ya ng'ombe wa wafugaji wa Muze. Wateja wakatuzoea. Ndipo mtaalamu mmoja wa vyakula akatuletea unga wa kujaribu. Alisema ni mafuta ya karafuu, yamefungwa ndani ya chembe ndogo sana za wanga ili yasiruke upesi, yatoke kidogo kidogo ndani ya nyama na kuzuia vijidudu.

"Lakini Mama Neema," akaniambia, "huu unasaidia tu. Baridi ya friji na moto wa jikoni viko palepale."

Nilimsikia. Sikumzingatia.

Siku moja umeme ulikatika, ukarudi kesho yake jioni. Nikafungua friji, nikanusa soseji tulizochanganya na unga ule. Karafuu tupu. Neema alikuwa shule ya bweni, tulikuwa wawili tu. Nikasema tuonje wenyewe kabla ya kuuza. Nikakaanga soseji nne, harakaharaka.

Mume wangu akakata yake. "Mbona katikati bado nyekundu?"

"Kula, baba Neema. Ina dawa hiyo."

Akala tatu. Mimi moja.

Siku ya tatu tumbo likaanza kunisokota. Nikaharisha maji, kisha damu. Nilijichafua kitandani kama mtoto, na yeye ndiye aliyenifuta, mpaka naye akaanguka chooni. Majirani wakatupeleka hospitali. Nikatundikiwa maji, midomo imepasuka, siwezi kugeuka bila kushikwa. Yeye alikuwa wodi ya wanaume. Uso ulimvimba, mkojo ukakauka.

"Figo zake zimegoma, mama," daktari aliniambia. "Tunajitahidi."

Jumapili niliweza kunywa uji. Nikamwomba nesi anipeleke kwa mume wangu. Nesi akakaa kitandani kwangu, akanishika mkono. Nikajua.

Natoka hospitali, ameshazikwa kwao Kaoze.

Nilimweleza mama mkwe yote, hata maneno yale niliyomwambia mwanawe. Mwaka mzima hakukanyaga kwangu.

Wapo waliosema unga ule ulikuwa sumu. Si kweli. Unga ulifanya kazi yake, ya kwangu sikuifanya. Nawaombeni, mtu akikuletea dawa ya kuhifadhi chakula, muulize pia isichoweza. Pua isikudanganye. Nyama ikikaa bila baridi, tupa, hata kama inakuuma. Na pika mpaka ndani.

Namshukuru Mungu, na wale walionifulia mashuka. Namshukuru pia mama mkwe. Baada ya mavuno alikuja. Nikapiga magoti mlangoni. "Shikamoo, mama."

"Marahaba."

Akaingia jikoni, akaketi, akakitazama chungu changu kwa muda mrefu. Kisha akasema, "Nipakulie, mwanangu."