Mfano wa Mwalimu wa Jioni

Mwalimu wetu wa Kiingereza hufika kabla yetu, akapanga viti, kisha akakifuta kwa leso kile cha karibu na mlango ambacho hakuna anayekikalia. Sisi ni watu wazima, tunatoka kazini tukiwa hoi, na yeye hana habari na uchovu wetu. Ukikosea hukugongea meza kwa chaki: "Rudia, ndugu yangu, hapa hatukimbizwi na mtu." Vidole vyake ni vyeupe hadi kwenye kucha, na suruali yake ina alama ya kiganja pajani, maana hapo ndipo anapojipangusia.

Lakini akifika kwenye "fall through", sauti hushuka. Hueleza kwamba hutumika kwa jambo lililopangwa likakwama kabla ya kutimia, kama safari au biashara, wala si kwa mtu. Kisha huandika mfano wake, uleule kila muhula: binti yangu alipanga kuja kunitembelea, safari ikavunjika.

Jana mama mshonaji, anayerudia darasa hili kama mimi, uvumilivu ulimwishia. "Jamani mwalimu, huyu binti haji tu? Hebu leo mlete!" Tukaangua kicheko. Naye akacheka, akachelewa kunyamaza.

"Huo ni mfano tu, mama," akasema, akaugeukia ubao na kuufuta kwa kiganja, dasta ikiwa mkono wa pili. Alifuta kupanga, akafuta safari na kuvunjika kwake. Maneno "binti yangu" aliyaacha palepale, akatuambia tufungue ukurasa unaofuata.