Dakota Iliyomchukua Idi

Nakumbuka asubuhi moja ya kiangazi, mwanangu, baba aliponifungia vitambaa vya viti kwenye baiskeli na kunituma uwanja wa ndege. Baba alikuwa fundi cherehani hapa Gongoni, na mimi nilijua kushona kuliko kupika, jambo lililomsikitisha sana mama. Ndege ya abiria iliyotua Tabora wakati ule ilikuwa Dakota, ya injini mbili, pua juu na mkia chini, kama bata aliyeketi. Viti vyake vilikuwa vimechakaa, na mafundi wa uwanjani walimpa baba kazi ya kuvivisha upya.

Aliyenipokea alikuwa kijana mwembamba mwenye grisi hadi viwikoni. Jina lake Idi. Alikagua mishono yangu, akasema, "Hivi vizuri. Njoo nikuonyeshe kitambaa kingine." Akanipeleka nyuma, kwenye ule ubao wa mkiani unaogeuza ndege, akaniambia niguse.

Nilitarajia bati. Nikakuta kitambaa, kimekazwa kwa rangi mpaka kinalia kama ngoma ukikigonga.

"Nani alishona?" nikamuuliza.

Basi akanisimulia, na mimi nikasahau kwamba baba ananingoja. Alisema mwenye kiwanda kilichounda ndege hiyo ni Mmarekani aliyeanza na chumba cha nyuma ya duka la kinyozi, akiunda ndege za jeshi lao la majini. Baadaye akaunda hii, ili abiria wenye uwezo walale vitandani wakisafiri. Vilipokuja vita vikuu vya pili jeshi likaitaka. Viti vikang'olewa, sakafu ikaimarishwa, mlango ukapanuliwa, wakapanda askari wa miamvuli. Wanaume wa kule wakaenda vitani, na wake zao na dada zao wakaingia kiwandani kuunganisha mabati na kushona vitambaa. Kiwanda hichohicho kiliunda na ndege za kuangusha mabomu. Hilo Idi alilisema polepole, hakulificha. Amani iliporudi, ndege zikawa nyingi kuliko kazi, jeshi likaziuza huku na huko, na nyingine zikafika kwetu kubeba walimu, wagonjwa na magunia ya barua.

"Na hao wanawake, walijua zinakwenda wapi?"

"Sidhani," alisema. "Lakini hii imekuja kwako."

Mwanangu, kuna maneno ambayo kijana anayasema bila kufikiri, na msichana anayabeba mpaka uzeeni.

Idi alileta posa, baba akakubali. Kabla ya ndoa akachaguliwa kwenda karakana kubwa ya Nairobi kusomea injini, kwa kuwa siku hizo Kenya, Uganda na sisi tulikuwa na Jumuiya moja, na ndege zilikuwa za wote. Aliondoka na Dakota ileile. Nilisimama kwenye uzio nikaiangalia ikikimbia, ikiinua mkia kwanza, kisha ikaachana na ardhi. Sikulia. Nilijua atarudi.

Mimi nikaenda Puge, kwenye kijiji cha ujamaa, kuwafundisha kina mama ushonaji. Watu walikuwa wamehamishwa kutoka mashamba yao ya zamani, wengine kwa kupenda, wengine kwa kusukumwa, na usiku ungewasikia wazee wakitaja kwa Kinyamwezi miti waliyoiacha. Kila mtu pale alikuwa na kitu anachokitamani. Changu kilikuwa Nairobi.

Kisha Jumuiya ikavunjika. Mpaka ukafungwa, ndege zikashikiliwa kila upande, na wafanyakazi wakajikuta wamekwama walipo. Idi alikuwa upande ule. Hatukupata habari yake.

Niliacha darasa langu nikarudi Gongoni. Kila siku nilikwenda kukaa kwenye ule uzio. Mafundi walinizoea, wakaacha kunitazama. Nilikonda, na cherehani ya baba nikawa siigusi.

Ndipo mama yake Idi alipokuja. Alikuwa mama wa makamo, mkulima wa mpunga. Nikamwamkia, "Shikamoo, mama." Akaitika, "Marahaba," akaketi chini kando yangu, nyayo zake bado zina matope ya majaruba.

"Unamngoja mwanangu," alisema.

"Ndiyo, mama."

"Mimi pia namngoja. Nimemngoja huku nalima. Akirudi atakuta chakula. Kwako atakuta nini?"

Kisha akashusha sauti. "Sikukatazi kumkumbuka. Ukiacha, nitabaki peke yangu. Lakini wale kina mama wa Puge umewaacha na vitambaa vimekatwa nusu. Inuka, binti yangu."

Tuliondoka pamoja, amenishika mkono kama mtoto. Wiki ileile nikarudi Puge.

Miaka ikapita. Wanafunzi wangu wakashona sare za shule nzima. Baba akafariki. Familia zetu zikakaa, zikanifungua kutoka kwenye ile posa, na mama yake Idi ndiye aliyesema kwanza kwamba nisizeekee kwenye uzio. Niliolewa na Ramadhani, mjenzi, mtu mpole ambaye sikumficha kitu.

Mpaka ulipofunguliwa, Idi alikuja. Alishuka kwenye gari moshi ana mvi za kwanza, akaja Puge kutusalimu. Kule naye alikuwa na mke na watoto. Ramadhani alimpokea vizuri, akamkaribisha uji wa ulezi, halafu akasema anakwenda kuangalia matofali yake. Hakukuwa na matofali ya kuangaliwa siku ile.

Tuliongea mambo ya watu wasiojua pa kuanzia. Nikamuuliza habari za kile kiwanda. Akasema kimeungana na kingine, na sasa wanaunda ndege za vita zinazoipita sauti.

"Unazipenda?"

"Nazistaajabia," alisema. "Hazina mahali pa kushona."

Alipoaga, alinipa mkono, akauacha ukae kidogo mkononi mwangu. Sikumwona tena. Ramadhani wangu naye ametangulia. Wote wawili nawataja katika dua, na nikisikia ndege inapita juu ya Tabora bado natoka nje, jua likiwa kali au mvua ikinyesha.

Kwa hiyo, mwanangu, ukiwa na mtu wako ng'ambo, au uliyempoteza, usione haya kumtamani. Anayekuambia usahau hajui anachokuomba. Ila usikae kwenye uzio. Mkumbuke ukiwa na kazi mikononi, watu wanaokutegemea wasikukose mara mbili, kwa mwili na kwa moyo. Na akija mwenzi mwema, mwambie ukweli wote, umpe nafasi ya kukupenda jinsi ulivyo.

Mungu akulinde katika kila njia utakayopita, awarudishe salama wale unaowangoja, na wale asiowarudisha akupe moyo mpana wa kuwabeba. Amina.