Tezi za Mbwa wa Mama

Mbwa wa mama alipovimba chini ya taya, kule Matiri, mama alisema kakwamwa na mfupa. Nikampapasa. Uvimbe ulikuwa pande zote mbili, na mwingine nyuma ya magoti. Mfupa gani unakwama magotini? Nikampakia kwenye pikipiki hadi Mbinga mjini.

Daktari wa mifugo alimchoma sindano kwenye tezi, akatazama kwenye hadubini, akasema ni saratani. Kisha akanieleza habari za dawa mpya zinazojaribiwa nje: vidonge vinavyolenga seli za ugonjwa peke yake, vikizima ule ujumbe unaoziamuru ziongezeke. Nikauliza vinazitambuaje. Akaeleza, nami nikaitikia kwa kichwa kama mwenye akili, kumbe sijaambulia kitu.

"Nitavipata wapi?"

"Huku kwetu hakuna, kaka. Na hata huko bado wanachunguza ni mbwa yupi vinamfaa."

Sasa alinieleza ya nini? Nilikasirika, ila sikujua namkasirikia nani. Akanipa vidonge vya kawaida vya kupunguza uvimbe, akasema vitamsogeza wiki chache, basi.

Nilimweleza mama yote, mpaka neno la kufa. Kuhusu dawa inayochagua, alicheka.

"Moto ukiingia shambani unachagua nyasi?"

Tezi zikanywea. Mbwa akala, akabweka, akamkimbiza nguruwe pori hadi mtoni. Daktari alikwishanionya kuwa itakuwa hivyo, lakini macho yangu yalibishana naye, nami sikujua nimwamini nani.

Ndipo mama akaniita nikafyeke shamba la bondeni, alilolitelekeza kwa sababu ya nguruwe. Kwetu mwanamume hufyeka nyasi na kuzilaza miraba miraba. Mwanamke huzifukia kwa udongo, mashimo yakabaki katikati. Hayo ndiyo mangolo. Kwanza hupandwa maharage. Mahindi, ambayo ndiyo hasa yanataka mlinzi, husubiri mvua za msimu mwingine.

Nikasimama na nyengo ya kufyekea mkononi.

"Mama, mahindi ya huku yatalindwa na nani?"

Alimtazama mbwa, aliyelala juu ya nyasi nilizokwisha kuzilaza. Mpaka leo sijui kama hakuwa amenielewa, au alinielewa kuliko nilivyojielewa.

"Wewe fyeka," akasema. "Na hapo alipolala, usimwamshe."