Leza ya Kumridhisha Mume

Mwezi uliopita, kwenye duka la dawa huku Soweto, Mbeya, dada mmoja alikataa kukaa kwenye benchi. Alimnong'oneza muuzaji, mama wa makamo, lakini sisi wateja wengine tulisikia: saluni ilimpiga miale ya leza sehemu za siri ili kung'arisha ngozi, sasa malengelenge yamepasuka na kukojoa ni kilio.

"Nani alikutuma, mwanangu?"

"Mume wangu alisema nimekuwa mweusi huko."

Mama akairudisha kabatini dawa ya kupaka aliyokuwa ameombwa, akatuomba radhi, akafunga duka. Akamshika mkono wakaenda hospitali taratibu, dada akitembea miguu imeachana.

Juzi nilimuuliza mama huyo habari za yule dada.

"Anapona, yuko kwa mama yake, kule Nyololo. Mume anapiga simu kila siku."

"Afadhali anajali," nikasema.

"Anauliza kama weusi umetoka."